ThinkPad X230, diski inayokufa ya GB 500 na SSD mpya ya GB 480: uchambuzi wa kisa

Mashine ni ThinkPad X230, ile ndogo ya inchi 12.5 ya mwaka 2012, na bado ina hadidiski ya GB 500 iliyotoka nayo kiwandani. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari. Humo ndani mna maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya miaka kadhaa, alama za wanafunzi kwenye Excel, na picha za familia ambazo hazipo mahali pengine popote. Malalamiko yake: mashine inachukua dakika sita hadi saba kuwaka, ikishawaka, inaganda nusu dakika nzima kila akifungua folda fulani, na ikiganda inasikika "tik, tik" upande wa kulia, chini ya kiganja. SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 480 ameshainunua. Anachotaka ni kimoja: hamishia kila kitu humu kama kilivyo, na Windows yake.

Kwenye X230 kutoa diski na kuweka nyingine ni kazi ya skrubu moja. Hata anayeshika bisibisi kwa mara ya kwanza hamalizi robo saa. Kinachokifanya kisa hiki kiwe kigumu ni mambo mawili yaliyokutana: diski ya zamani inakufa, na mpya ni ndogo kuliko ya zamani ingawa kwenye boksi namba zinakaribiana. Kila moja peke yake lina dawa rahisi. Yakija pamoja, zile dawa rahisi zinazuiana.

Mzee au mgonjwa?

Polepole peke yake si ugonjwa. Hadidiski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inatumia milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja. Kichwa chake kikitakiwa kuruka huku na huko kuokota vijifaili vidogo, hakivuki sana visomo mia moja kwa sekunde, na Windows 10 ikiwaka inataka maelfu. Ndiyo maana Task Manager huonyesha diski imefika 100% hata kama ni nzima kabisa. Huyo ni mzee aliyebebeshwa gunia. Mgonjwa ana dalili nyingine: kuganda kunakorudi pale pale, kwenye folda ile ile, na mlio wa kichwa kinachorudi mwanzo kujaribu tena. Mashine ya mwalimu ilikuwa na zote mbili.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. CrystalDiskInfo ni ya bure, na katika orodha yake ndefu ya mistari, minne tu ndiyo ya kutazama. Mstari wa 05 ni sekta (vijisehemu vidogo vya diski vinavyotunza data) ambazo diski imezikataa na kuzihamishia akiba. Hapa zilikuwa 8. Mstari wa C5 ni sekta zilizogoma kusomeka na zinasubiri hukumu. Hapa paliandikwa 48. C6 ni zile zilizoshindikana hata diski ilipojipima yenyewe. C7 ni makosa yanayotokea njiani, kati ya diski na bodi kuu ya mashine, hapa sifuri.

Mtego uko kwenye ile 48. Usipobadilisha chochote, programu hii huandika safu ya mwisho kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 48 ni 4 mara 16 jumlisha 8, yaani 72. Kuna watu huona "1A" wakadhani ni msimbo wa siri. Ni 26 tu. Ukitaka namba za kawaida, ingia Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values.

Sifuri ya C7 nayo ina uzito wake. Ingekuwa C7 ndiyo inayopanda na C5 imetulia, kosa lingekuwa kwenye muunganiko, na SSD mpya isingesaidia kitu. Kwenye MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012, kwa mfano, diski imeungwa kwa kebo bapa nyembamba inayolala juu ya ganda la aluminiamu, na kebo hiyo hufa mara nyingi. Mtu ananunua SSD, anaifunga, na alama ya folda yenye kiulizo inabaki pale pale. X230 haina kebo hiyo. Diski inachomekwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo hapa mgonjwa ni diski, hakuna wa kumsingizia.

Sekta 72 zinazosubiri si nyingi ukizilinganisha na karibu bilioni moja zilizopo. Lakini zikishaanza haziongezeki kwa mpangilio. Wiki nzima zinaweza kukaa 72, siku ya nane zikawa elfu.

Amri ambayo haikupigwa

Mwalimu alishashauriwa apige `chkdsk /r`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Ni ushauri unaotolewa kila kona, na kwa diski nzima yenye faili lililovurugika baada ya umeme kukatika ni ushauri mzuri. Kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Ile `/r` inailazimisha diski isome kila sekta kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikirudia rudia zile mbovu. Mbaya zaidi, inaandika: inarekebisha orodha ya mafaili palepale kwenye diski mgonjwa, na kipande cha faili kisichosomeka hukatwa, kingine kikaishia kwenye folda ya found.000 bila jina. Lengo la chkdsk ni patisheni (kigawe cha diski, kama C:) iliyo sawa kimahesabu. Habari za alama za Kidato cha Nne haizijui.

Kupanga upya diski, yaani defrag, ni kosa la familia hiyo hiyo. Hata kuiacha mashine ikiwaka usiku kucha "ijirekebishe" ni kosa. Kuanzia dakika namba ya C5 ilipoonekana, mashine ilizimwa na haikuwashwa tena kwa Windows.

Hesabu ya GB 20

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hukwama wakiwa wameshalipa. Diski ya GB 500 ina sekta 976,773,168 za baiti 512, ambazo ni baiti 500,107,862,016. SSD ya GB 480 ina sekta 937,703,088, sawa na baiti 480,103,981,056. Upungufu ni GB 20. Windows huonyesha ya kwanza kama GB 465 na ya pili kama GB 447, kwa sababu inagawa kwa 1,024 mara tatu badala ya 1,000; wala hakuna aliyekupunja.

Programu inayonakili diski sekta kwa sekta haiangalii kwamba mafaili yote ni GB 180 tu. Inaangalia sekta ya mwisho iko wapi, na hiyo iko nje ya ukuta wa diski mpya. Angenunua SSD iliyoandikwa 500, kama Samsung 870 EVO au Crucial MX500 ya ukubwa huo, sekta zingelingana moja kwa moja, maana watengenezaji wanafuata fomula moja ya idadi ya sekta kwa kila GB iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma namba ya diski ya zamani na ununue namba hiyo hiyo au kubwa zaidi. Kama ni 320, 240 haitoshi. Kama ni 500, 480 haitoshi.

Kama diski ingekuwa nzima, GB 20 zisingetusumbua. Ungeingia Disk Management, ukabana patisheni ya C: hadi chini ya GB 440, kisha ukanakili patisheni kwa patisheni. Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, inafanya hivyo ukiipa chaguo la `-icds` ili isigome kwa ajili ya ukubwa. Windows ikikataa kubana zaidi ya kiasi fulani ingawa nafasi ipo, mara nyingi ni faili la hibaneti lililokaa katikati: piga `powercfg /h off`, zima kwa muda faili la kumbukumbu pepe na sehemu za kurejesha mfumo, anzisha upya, jaribu tena.

Lakini kubana patisheni ni kuhamisha mafaili kutoka mwisho wa diski kwenda mwanzo. Ni kusoma na kuandika GB nyingi kwenye diski ile ile tuliyokataa kuipiga chkdsk. Ndiyo maana nikasema dawa zinazuiana: ili uikoe unatakiwa uinakili nzima kwanza, na kuinakili nzima kwenye SSD hii haiwezekani.

Uamuzi

Njia iliyochaguliwa ni ndefu, ila kila hatua yake inaweza kurudiwa bila hasara. Diski nzima inanakiliwa kwanza kwenye faili moja kubwa ndani ya diski ya nje ya TB 1. Baada ya hapo diski mgonjwa haiguswi tena. Windows inasimikwa upya kwenye SSD, na mafaili ya mwalimu yanachukuliwa kutoka kwenye ile nakala.

Ombi la "kama kilivyo" lilikataliwa, na mwenyewe akaelezwa sababu: huwezi kujua sekta mbovu zimeangukia wapi. Zikiangukia mafaili ya Windows, unahamishia SSD mpya mfumo wenye matundu, halafu miezi mitatu baadaye skrini ya bluu inalaumiwa kwa SSD. Kusimika programu upya ni kazi ya nusu siku. Kumtafuta mchawi asiyekuwepo kunachukua zaidi.

Kuokoa

Chombo ni ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na njia rahisi ya kuipata ni flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi, ambao unakuja nayo pamoja na smartctl. Kwenye X230, chomeka flashi, washa, gonga F12, chagua flashi. Ikigoma, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F1 na uhakikishe Secure Boot imezimwa. Diski ya nje ichomekwe upande wa kushoto, kwenye USB 3.0 zenye ulimi wa bluu. Ile ya njano upande wa kulia ni USB 2.0, inayobeba MB 35 hivi kwa sekunde: hapo GB 500 zinakula saa nne badala ya mbili. Diski ya nje iwe na mfumo wa NTFS au exFAT. Kwenye FAT32 faili haliwezi kuvuka GB 4, na kazi itakatika kabla hujamaliza chai.

Tambua kwanza nani ni nani:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL`

Usidhani hadidiski ni `sda` kwa kuwa jana ilikuwa `sda`. Soma modeli na ukubwa. Katika kisa hiki hadidiski ilikuwa `sda` kweli, flashi `sdb`, diski ya nje `sdc`. Diski ya nje ikafunguliwa (mount) kwenye `/mnt/nje`. Hadidiski haikufunguliwa kabisa, maana ddrescue inaisoma ikiwa imefungwa. Kisha:

`ddrescue -n /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`

Hiyo `-n` inaiambia ising'ang'anie: ikikuta pagumu, ruka, kusanya kwanza vilivyo vyepesi. Ndiyo tofauti kubwa kati yake na kunakili kwa kawaida, ambako sekta moja mbovu katika GB ya tatu inaweza kuisimamisha kazi yote huku GB 497 nzima zikisubiri. Faili la `diski.map` ni daftari la kazi, limeandika kila kipande kilichosomwa na kilichorukwa. Umeme ukikatika, unarudia amri ile ile neno kwa neno na kazi inaendelea ilipoishia. Ukilifuta, unaanza upya. Chaja na betri viwe mahali pake vyote viwili. Betri hata ikibaki na nusu saa tu, ndiyo UPS yako, kwa sababu diski ya nje nayo inakula umeme wa laptopu.

Kuandika kwenye faili badala ya kuandika diski kwa diski kuna faida nyingine isiyosemwa sana: kunaondoa lile kosa la kutisha la kugeuza chanzo na mwisho. Diski kwa diski, herufi moja ikikosewa unamwaga SSD tupu juu ya picha za familia.

Mzunguko wa kwanza ulikwisha kwa saa mbili na ushei, ukaacha vipande visivyofika hata MB 1. Ndipo ikaja amri ya pili:

`ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`

Hii inarudi kwenye mabaki tu, inasoma bila kupitia hifadhi ya kernel (`-d`), na kujaribu kila sekta mbovu mara tatu zaidi. Hiyo chini ya MB 1 ilikula saa tatu nyingine. Usishtuke kasi ikishuka hadi sifuri na diski ikianza kutatarika, ndivyo ilivyo. Feni ya mezani ielekezwe upande wa diski. Mwishoni zilibaki baiti 45,056 zisizosomeka, vipande 11 vya KB 4. Tukaishia hapo. Kuongeza majaribio hadi mia kwa ajili ya KB 44 ni kuhatarisha kichwa cha diski bure.

Swali linalofuata ndilo huachwa na wengi: KB 44 hizo ni za mafaili gani? Kwenye nakala, sehemu zilizokosekana ni sifuri tupu, na faili lenye sifuri katikati linaonekana zima mpaka siku utakapolifungua. ddrescue ina njia ya kuzipaka alama:

`printf "SEKTA-MBOVU-" > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map`

Sasa kila sekta iliyokosekana imejazwa neno hilo kwa kurudiarudia. Nakala inaunganishwa kwa kusomwa tu, `losetup -f -P -r --show /mnt/nje/diski.img`, patisheni ya Windows inafunguliwa kwa `mount -o ro`, kisha `grep -rlF "SEKTA-MBOVU-"` inapita folda zote na kutaja yaliyojeruhiwa. Yalitoka matatu: mawili ndani ya folda ya Windows, na video moja ya harusi. Excel zote salama. Yale mawili ya Windows yalifunga mjadala wa "kama kilivyo".

Angalizo moja: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data yote, yote haya yatafanikiwa na bado utabaki na GB 500 za uji. Kabla ya kuzima Windows kwa mara ya mwisho, `manage-bde -status` inakuambia kama C: imefungwa, na kama imefungwa, hakikisha una ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48. Vilevile neno la siri la diski linalowekwa kwenye BIOS, chini ya Security: liondoe kabla hujaitoa diski, maana linakaa ndani ya diski yenyewe na kuifuata popote iendako.

Skrubu moja

Chaja itoke. Betri, iliyoko nyuma, inatoka kwa kusukuma vishikizo viwili. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe. Gusa kitu cha chuma, hasa kama uko kwenye zulia.

Geuza mashine. Mfuniko wa diski uko ubavu wa kulia, na skrubu yake iko chini, karibu na ukingo huo. Bisibisi ya nyota inayoijaa kichwa. Ikiwa ndogo mno italamba nyota na hapo kazi ya robo saa inakuwa ya siku. Legeza hadi uisikie imekuwa nyepesi, vuta mfuniko ubavuni, kisha vuta diski nje taratibu ikiwa imenyooka. Kabla haijatoka yote, piga picha uone lebo inaangalia wapi.

Diski imevaa raba mbili, moja kila ubavu, zenye vichomozi vinavyoingia kwenye matundu ya skrubu ya diski. Vua kwa vidole, zivishe SSD vilevile. Raba hizi si mapambo. Ndizo zinazoishikilia diski kwenye kimo cha soketi. Bila raba SSD inalala chini kidogo, inaingia ikiwa imeinama, inasoma leo, na kesho ukibeba begi inaachia. Zikiwa zimepotea (kwenye mashine za mtumba hupotea sana) zinauzwa kwa jina la raba za X220 na X230, mara nyingi pamoja na mfuniko.

Kuhusu unene: X230 inapokea diski ya milimita 7 tu. Karibu SSD zote za inchi 2.5 zina kimo hicho, kwa hiyo hakuna shida. Shida inakuja mtu akiazima hadidiski ya milimita 9.5 kutoka laptopu nyingine, ikagoma kuingia, akaanza kuisukuma. Na ile fremu ya plastiki ya milimita 2.5 iliyomo kwenye boksi la baadhi ya SSD ni ya mashine zenye nafasi ya 9.5, hapa iache kwenye boksi.

Sukuma SSD hadi uisikie imekaa, rudisha mfuniko, kaza skrubu bila kukomaa. Betri. Chaja.

Kuisimika

Kabla ya flashi ya Windows, ingia BIOS kwa F1 na utazame mambo mawili. Config, Serial ATA iwe AHCI, isiwe Compatibility. Ukibadilisha hili baada ya Windows kusimikwa, unakutana na skrini ya bluu ya kushindwa kuifikia diski. Startup, UEFI/Legacy Boot iwe UEFI Only, na flashi iwe imeandaliwa kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) na GPT (mpangilio mpya wa patisheni). Yule ujumbe wa kukataa kusimika kwa sababu diski ni ya GPT huja pale flashi imewaka kwa njia ya zamani. Haimaanishi SSD ni mbovu.

Leseni haipotei. Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa imefungamana na bodi, si na diski, kwa hiyo chagua toleo lile lile, ruka pale inapoomba namba, itajiamilisha ikipata intaneti. Suala zito zaidi ni kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na X230, yenye TPM (chipu ya usalama) 1.2 na prosesa ya kizazi cha 3, haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mwalimu ana majedwali ya Excel yenye makro anayoyategemea, hivyo Windows 10 ilibaki, na mashine ikaandikishwa kwenye masasisho ya ziada ya usalama yanayofika 13 Oktoba 2026. Asingekuwa na makro hizo, Linux Mint ingekuwa chaguo langu bila kusita. X230 na Linux ni marafiki wa siku nyingi.

Baada ya hapo ni kunakili folda za mwalimu kutoka kwenye nakala. Yafungue mafaili kumi kwa kubahatisha, mengine ya zamani mengine ya juzi, kabla ya kusema kazi imekwisha.

Mambo yanayokwamisha

Kodi ya 2100 kwenye skrini nyeusi maana yake BIOS haiioni diski kuu. Katika SSD mpya, karibu kila mara haijaingia hadi mwisho au raba moja imekaa vibaya. Toa, panga raba, rudisha. Kodi ya 2110 ni kushindwa kusoma, na kwa diski ya zamani ni kilio cha mwisho.

SSD ikichomekwa nje kwa adapta ya USB na isionekane kwenye This PC, haijafa. Ni tupu, haina patisheni. Iko Disk Management, inasubiri kuanzishwa.

SSD ya TB 1 kwa bei ya GB 120 si bahati. Zipo zinazodanganya ukubwa: zinapokea kila unachoandika, zikijaa zinaanza kuandika juu ya vya zamani. H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux, huijaza yote na kuisoma tena. Fanya hivyo siku ya kununua, ukiwa bado na risiti. Hofu ya "SSD huisha" ni ndogo kuliko inavyosemwa: Kingston A400 ya GB 480 imekadiriwa kuandikwa TB 160, na anayeandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa mwalimu, angehitaji zaidi ya miaka 21.

Mwisho piga `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 kwa NTFS maana yake TRIM, yaani Windows kuijulisha SSD nafasi zilizofutwa, inafanya kazi.

Mashine sasa inafika kwenye eneo-kazi kwa sekunde ishirini hivi. Nakala ya GB 500 inabaki kwenye diski ya nje kwa mwezi mmoja, maana kuna faili ambalo mtu hulikumbuka wiki ya tatu. Hadidiski ya zamani haiuzwi wala kugawiwa: sekta mbovu zinaweza kubaki bila kufutwa, na alama za wanafunzi zimo humo. Ya kuharibiwa iharibiwe kwa nyundo, ila izungushie kitambaa kizito kwanza na uvae miwani. Sahani za diski nyingi za inchi 2.5 ni za kioo, na hupasuka vipande vidogo kama sindano.